Jasusi Naye Apige Hodi

Makala haya yana wasomaji wa namna mbili. Wa kwanza ni ninyi mnaonunua gazeti Jumamosi, mkaanza na kurasa za michezo, mkafika huku ndani chai ishapoa. Wa pili ni wale ambao kusoma magazeti ni sehemu ya ajira yao: hulifungua alfajiri, wakapiga mstari chini ya majina, wakaandika muhtasari wa kupelekewa wakubwa. Hawahitaji kibali cha mtu kusoma ninachoandika, nami nafurahi wakinisoma, kwa sababu leo nazungumza nao zaidi kuliko ninyi wengine.

Maafisa wa Idara ya Taifa ya Ujasusi, NIS, na wenzenu wa upelelezi wa jinai wa DCI: siwaombi mwache kazi. Nchi iliyozika wahanga wa ugaidi 67 wa Westgate mwaka 2013, 148 wa Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 na 21 wa DusitD2 mwaka 2019 haiwezi kukaa bila macho na masikio. Ninachoomba ni kwamba kabla hamjaingia katika simu ya Mkenya mpite kwa jaji, mpate kibali, na mwisho wa mwaka nchi ijue vibali vilikuwa vingapi. Najua mtasema hayo ni maneno ya wanaharakati. Basi tuache haki za binadamu kando kwa dakika chache, tuzungumze kuhusu kazi yenu.

Mwaka 2013 Edward Snowden alifichua kwamba shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, NSA, lilikuwa likikusanya kwa wingi rekodi za simu za Wamarekani, wenye hatia na wasio na hatia. Wakubwa wa shirika walijitetea kwa hesabu. Walisema mbinu zao za kunasa mawasiliano zimesaidia kuzima njama 54 za ugaidi. Maseneta wakaomba waoneshwe njama hizo. Njama zikawa zinapungua kila zilipochunguzwa, hadi kwa upande wa zile rekodi za simu za ndani ya nchi ikabaki kesi moja ya kushikika: dereva wa teksi Msomali wa San Diego, aliyetiwa hatiani kwa kuchangia dola 8,500 kwa al-Shabaab. Rekodi za mamilioni ya watu, mwaka baada ya mwaka, na mavuno ni dola 8,500.

Januari 2014 bodi rasmi ya Marekani inayosimamia faragha na uhuru wa raia ilisema haikupata hata tukio moja la tishio kwa nchi hiyo ambapo programu ile ilibadilisha matokeo ya uchunguzi wa ugaidi. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikaongeza kwamba ukusanyaji wenyewe ulikuwa kinyume cha sheria. (Dereva hakufaidika. Hukumu yake ilibaki palepale.)

Kisa hicho kina sehemu ya pili ambayo hutajwa mara chache, nami naiona ndiyo yenye mafunzo zaidi. Bunge la Marekani lilibadilisha sheria mwaka 2015, rekodi zibaki kwa makampuni ya simu na NSA iombe kwa mahakama. Hata kwa utaratibu huo mpya, mwaka 2018 peke yake shirika lilipokea rekodi zaidi ya milioni 434. Mwaka huohuo likalazimika kufuta kila kitu lilichokusanya kwa njia hiyo tangu 2015, kwa sababu baadhi ya rekodi halikuwa na haki nazo na halikuweza kuzichambua zipi ni zipi. Mwanzoni mwa 2019 likaifunga programu lenyewe. Hesabu iliyotoka baadaye ilionesha kwamba tangu 2015 zilitumika dola milioni 100, na upelelezi wa maana uliozaliwa humo ulikuwa mmoja.

Hakuna mwanaharakati aliyeingia makao makuu ya NSA, Fort Meade, na bango. Majasusi walioshawishika pale walishawishika na daftari lao wenyewe. Lakini daftari lisingefunguliwa kama sheria haikuwalazimisha kuandika hesabu na kuzitoa hadharani kila mwaka, na hapo ndipo nitakaporudi.

Sasa tuje nyumbani. Siku chache kabla ya shambulio la Garissa la alfajiri ya Aprili 2, 2015, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewaonya wanafunzi wake wajihadhari, zimepatikana habari za mpango wa kushambulia chuo kikuu. Habari zilikuwapo. Washambuliaji waliingia katika mabweni ya Garissa kabla jua halijachomoza. Kikosi maalumu cha Recce kilifika kutoka Nairobi mchana, na walikuwapo waandishi wa habari waliosafiri kwa barabara wakakitangulia. Mauaji yale hayakutokea kwa sababu serikali ilikosa simu za kutosha za kusikiliza. Kilichokosekana ni mtu wa kuchukua onyo lililo mezani, akapeleka askari wa kutosha langoni na kuiweka ndege tayari. Ungerundika rekodi za simu za wakazi wote wa Garissa juu ya meza ile, ungeifanya tu iwe vigumu zaidi kuona karatasi iliyohitajika.

Na karatasi ile, aghalabu, huanza kwa mtu. Nielewe ninaposema hivi. Mama wa Majengo, Mombasa, anaona mwanawe amebadilika: harudi baada ya isha, ana simu mbili, begi liko chini ya kitanda. Mama huyo ana habari ambayo hakuna mnara wa simu unaoijua, na anayo mapema kuliko afisa yeyote. Ataisema kwa nani? Anakumbuka Aprili 2014, Operesheni Usalama Watch, watu wapatao 4,000 wengi wao Wasomali wakakusanywa Eastleigh, na uwanja wa michezo wa Kasarani ukageuzwa mahabusu. Anakumbuka mwaka uliofuata, baada ya Garissa, Waziri Joseph Nkaissery akatangaza msamaha kwa vijana waliojiunga na al-Shabaab wakijisalimisha, na kisha mashirika ya haki ya Pwani yakaripoti kwamba baadhi ya waliorudi waliuawa au walitoweka. Mama huyu si mjinga. Anajua tofauti kati ya afisa anayemtafuta mtu mmoja kwa jina na sababu, na dola inayowatazama watu wa mtaa wake wote kwa jicho moja. Akiona ni hii ya pili, atafunga mlango na kumwombea mwanawe.

Mpango wa Nyumba Kumi tuliouazima Tanzania baada ya Westgate umejengwa juu ya mama huyuhuyu: jirani amwambie mzee wa mtaa, mzee amwambie chifu. Siku watu watakapoamini kwamba kila laini inasikilizwa, hata wema hawatasema neno, na ninyi mtabaki na majedwali.

Majedwali hayo tuyatazame kidogo, kwa sababu wengi wetu tunapofikiria kusikilizwa humwona mtu aliyevaa visikizi gizani akifuata mazungumzo. Rekodi ya simu haina hata neno moja la mazungumzo. Ni mistari tu: nambari iliyopiga, nambari iliyopigiwa, tarehe, saa, muda, nambari tambulishi ya kifaa, na mnara uliobeba simu. Chukua mistari michache ya mwanamke wa kubuni, mmoja wao wa M-Pesa. Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mnara wa Changamwe, anapiga nambari ya kliniki, dakika nne. Saa tano, simu fupi kupitia mnara wa Tononoka, kisha kimya kwa saa nzima. Saa saba anampigia dadake, dakika arobaini na moja. Saa kumi, M-Pesa, shilingi 3,200 kwa duka la dawa. Usiku wa manane simu kwenda Dammam, sekunde tisa. Tena Dammam, sekunde sita. Mara ya tatu haikupokelewa. Jumatano asubuhi, dakika kumi na mbili na wakili.

Hatujasikia neno, na tayari tumeshajua yanayomsibu mwanamke yule kabla mamake hajajua. Hapa kwetu hali ni nzito kuliko Marekani, kwa sababu tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 tumehamishia maisha yetu ndani ya laini ya simu. Sadaka ya Ijumaa na fungu la kumi la Jumapili, mchango wa chama, karo, matanga, harambee ya kumlipia mwandamanaji wakili, na kile cha kumtumia mtu ambaye hupendi mkeo amjue. Anayeshika rekodi za simu na za M-Pesa za Mkenya ameshika nafsi yake.

Je, mnazishika kwa kibali? Hapa ndipo mioyo ya watu ilipovunjika.

Juni 2024 vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha. Katika majuma na miezi iliyofuata watu wakaanza kuchukuliwa nyumbani na barabarani na wanaume waliofunika nyuso. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 82 waliotekwa kati ya Juni na Desemba mwaka huo. Oktoba gazeti la Nation likachapisha uchunguzi uliodai kwamba vyombo vya usalama hupata rekodi za wateja wa Safaricom kwa urahisi usiolingana na sheria. Safaricom ikakanusha, ikasema hutoa taarifa za mteja kwa amri ya mahakama tu. Nayaweka yote mawili mezani. Lakini aliyetekwa, akarudishwa usiku na kushushwa kando ya barabara, hajui mpaka leo ni nani aliyesoma mnara wake wala kwa karatasi gani, na hana ofisi ya kwenda kuuliza akajibiwa.

Mei 2025 watengeneza filamu wanne walikamatwa, wakihusishwa na filamu ya BBC kuhusu waandamanaji waliouawa nje ya Bunge. Simu zao zikachukuliwa. Ziliporudishwa, wachunguzi wa Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto walikuta katika baadhi yake programu iitwayo FlexiSPY, iliyowekwa simu zikiwa mikononi mwa polisi. Hiyo wala si zana ya kijasusi ya kuogofya. Inauzwa mtandaoni kwa yeyote mwenye kadi ya benki, ikitangazwa kwa wazazi na waajiri. Nilipoisoma taarifa ile, kabla ya hasira, nilipata fedheha: dola yenye bajeti ya ujasusi ya makumi ya mabilioni ya shilingi, ikitumia kifaa cha mume mwenye wivu.

Na mkidhani haya ni ya vijana wa mitandaoni peke yao, mwulizeni Justin Muturi. Juni 2024 alikuwa Mwanasheria Mkuu wa serikali, mshauri wa kwanza wa sheria nchini, naye ameshakuwa Spika wa Bunge la Taifa. Mwanawe alichukuliwa. Muturi alieleza hadharani baadaye kwamba hakumpata kupitia kituo cha polisi wala mahakama. Alimwendea Rais, Rais akampigia simu mkurugenzi wa NIS, na kijana akaachiliwa. Kama Mwanasheria Mkuu alihitaji kumjua Rais ili ampate mwanawe, fundi wa jua kali wa Kariobangi ahitaji kumjua nani? Maafisa mnaonisoma, ninyi nanyi mtastaafu. Mtakuwa na wana wanaoandika mitandaoni mambo yasiyowapendeza wakubwa wa siku hizo, na hamtakuwa na nambari ya Ikulu.

Sheria tunayo, na ndiyo maana nasema tatizo haliko kwenye karatasi za Katiba. Ibara ya 31 inampa kila mtu haki ya faragha na kutaja mawasiliano waziwazi. Ibara ya 238, ile ya usalama wa taifa yenyewe, inaagiza usalama utafutwe kwa kufuata sheria na kwa kuheshimu kikamilifu utawala wa sheria, demokrasia na haki za binadamu. Sheria ya Ujasusi ya mwaka 2012 inaruhusu faragha ya mtu anayeshukiwa iingiliwe, na inataka kibali cha Mahakama Kuu kitangulie. Kibali hicho huishi siku 180, ambazo mimi naona ni nyingi mno, lakini angalau ni kibali.

Mianya nayo ipo. Desemba 2014, baada ya mauaji ya Mpeketoni na Mandera, Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama huku wabunge wakirushiana makonde ukumbini. Yaliingizwa humo maneno yanayoruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano ili kuzuia ugaidi, kwa taratibu atakazoweka waziri. Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane Februari 2015, cha kunasa mawasiliano kikabaki. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo imeacha nje yanayofanywa kwa ajili ya usalama wa taifa, na jirani zetu Tanzania katika sheria yao ya 2022 wameacha mlango huohuo.

Mahakamani mambo yamekwenda kwa kuyumba. Mwaka 2017 Mamlaka ya Mawasiliano ilitaka kuunganisha mitambo yake kwenye mitandao ya kampuni za simu, ikisema inawinda simu bandia. Mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda mahakamani. Mwaka 2018 Jaji John Mativo akausimamisha mpango huo, Mahakama ya Rufaa ikaurudisha 2020, na Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa ya Chama cha Mawakili 2023. Kisha Julai 2025 Mahakama Kuu ikazuia agizo jingine la mamlaka hiyohiyo, la kukusanya nambari tambulishi za simu zinazoingia nchini. Mwananchi anayefuatilia haya anahitaji kijitabu cha kumbukumbu.

Wapo watakaoniambia, na hawa si majasusi, ni ninyi wasomaji wangu wa kawaida: asiye na la kuficha ana hofu gani? Nawajibu kwa desturi yetu. Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka nje, ukivuka mlango uko kwenye tekani, na hapo ukuta umepindishwa ili aliye njiani asione ua wala waliomo. Waliojenga vile hawakuwa wahalifu. Mgeni hupiga hodi. Asipoitikiwa mara ya tatu huenda zake, hata akisikia vyungu vinagongana ndani, na hakuna anayemwita mwenye nyumba mshukiwa. Tulilelewa kujua kwamba kuingia bila hodi ni kosa la anayeingia, hata kama ndani hakuna kilichofichwa. Kibali cha jaji ni hodi hiyo.

Tena waliokuwa na la kuficha kwa mujibu wa serikali, katika historia yetu, mara nyingi walikuja kuonekana waungwana. Mkoloni alimvisha Mwafrika kipande shingoni chenye alama za vidole vyake, ili ajue kila mtu yuko wapi na anamfanyia kazi nani. Harry Thuku aliyepinga alifungwa na kuhamishwa. Tawi la upelelezi lililoachwa na Mwingereza, Special Branch, ndilo lililokuja kuwawinda wahadhiri na wanafunzi miaka ya themanini kwa tuhuma za kuwa katika kundi la siri la Mwakenya na kuwapeleka vyumba vya chini vya Nyayo House. Leo Wakenya hupanga foleni kwenye jengo hilohilo kuchukua pasipoti, na mahakama zetu zimewapa fidia wengi wa walioteswa humo. Fidia hiyo hulipwa na mlipa kodi, si na afisa aliyeandika jina kwenye orodha.

Sasa narudi kwenye daftari.

Afrika Kusini ina jaji maalumu anayepokea maombi ya kunasa mawasiliano, naye huandika ripoti ya kila mwaka kwa kamati ya Bunge ya ujasusi. Februari 2021 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilikwenda mbali zaidi, katika kesi iliyofunguliwa na kituo cha uandishi wa uchunguzi cha amaBhungane baada ya mwandishi wake Sam Sole kugundua kwamba simu zake zilisikilizwa. Mahakama iliamua kwamba aliyesikilizwa lazima aambiwe baada ya kazi kwisha, pale ambapo kumwambia hakuharibu upelelezi. Ikasema pia kwamba kunasa mawasiliano kwa wingi bila sheria inayoruhusu ni haramu. Majasusi wa Pretoria bado wako kazini.

Marekani nayo ina funzo chungu. Mahakama yake ya siri ya ujasusi iliundwa mwaka 1978 baada ya Kamati ya Seneta Frank Church kufichua jinsi mashirika yalivyowapeleleza raia, Martin Luther King akiwamo. Toka 1979 hadi 2012 mahakama hiyo ilipokea maombi zaidi ya 33,000 na kukataa 11. Hodi inaweza kuwa sherehe tu, jaji akiitikia kabla mgeni hajamaliza kubisha. Lakini tunajua hilo kwa sababu hesabu ilichapishwa. Sisi hatujui hata kama jaji wetu amewahi kukataa ombi moja.

Ibara ya 240 ya Katiba inalitaka Baraza la Usalama wa Taifa litoe ripoti Bungeni kila mwaka kuhusu hali ya usalama nchini. Ripoti hiyo ina kurasa za wizi wa mifugo, dawa za kulevya na mipaka. Katika zile nilizosoma sijaona mstari unaosema: mwaka huu tuliomba vibali kadhaa vya kunasa mawasiliano, tukapewa kadhaa, tukanyimwa kadhaa, vikagusa watu kadhaa, na kadhaa kati yao wakashtakiwa. Mistari mitano. Hakuna gaidi atakayejua nani anasikilizwa kwa kusoma kwamba vibali vilikuwa 300 au 3,000. Mama wa Majengo ndiye atakayejua jambo: kwamba kuna mpaka, na kwamba afisa anayemjia ameuheshimu.

Maafisa wazuri, nao wako wengi, watakuwa wa kwanza kufaidika. Leo afisa aliyekwenda kwa jaji na hati ya kiapo, akangoja, akafuata masharti, hana namna ya kujitenga na yule aliyempigia simu rafiki yake katika kampuni ya mawasiliano akatumiwa rekodi kwa WhatsApp. Kesi zikifika kortini, ushahidi wa wote wawili hutiliwa shaka ileile, na mawakili wa magaidi hufurahi. Kibali kinamlinda mwananchi, na kinamlinda pia afisa siku serikali itakapobadilika na tume ya uchunguzi ikaanza kuuliza maswali.

Kamati ya Bunge la Taifa ya Ulinzi, Ujasusi na Uhusiano wa Kigeni ina mamlaka ya kuidai mistari hiyo mitano. Haihitaji sheria mpya; inahitaji mwenyekiti wa kuandika barua na wabunge wa kutoipitisha bajeti ya ujasusi mpaka barua ijibiwe. Mbunge wako ana ofisi katika eneo bunge lako na ana nambari ya simu. Mwulize kabla ya bajeti ijayo atapiga kura upande gani, na umwambie kwamba una haki ya kulijua jibu lake.